Namna ya Kufunga Injini Isiyo ya Asili Kwenye Ndege Ndogo Nairobi na Bado Kuruhusiwa Kuvuka Mpaka

Mwenye ndege ndogo anayeilaza ndege yake katika Uwanja wa Wilson hufikia siku ambayo injini iliyotoka nayo kiwandani haimtoshi tena, na sababu zake kwa kawaida huwa mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na mchana wenye joto la nyuzi 25 hewa ya pale huwa nyepesi kama hewa ambayo vitabu vya urubani huihesabu kuwa ya futi 8,000. Injini ya petroli isiyo na tabochaja, yaani pampu inayoishindilia injini hewa, iliyoandikwa nguvufarasi 160, hutoa katika hewa hiyo kama nguvufarasi 120 tu. Sababu ya pili ni mafuta, kwa kuwa petroli ya ndege, yaani avgas, ni ghali na huuzwa katika viwanja vichache, ilhali Jet A-1, yaani mafuta ya taa ya ndege za jeti, hupatikana karibu kila mahali panapouzwa mafuta ya ndege katika kanda hii. Hapo ndipo mwenye ndege huanza kuuliza kama anaweza kuitoa Lycoming ya petroli kwenye Cessna 172 yake na kuweka injini ya dizeli yenye tabochaja inayotumia Jet A-1, au kuweka Lycoming kubwa zaidi ya nguvufarasi 180, au, ikiwa ndege yake ni nyepesi zaidi, kuweka injini ndogo ya Rotax.

Yote hayo yanawezekana. Hata hivyo, kufungua na kukaza boliti ni sehemu fupi ya kazi hii. Sehemu ndefu ni kuzithibitishia mamlaka za nchi zaidi ya moja kwamba ndege iliyobadilishwa bado ni salama na bado ni halali. Niliwahi kuiona injini mpya kabisa ikikaa ndani ya sanduku lake la mbao kwa zaidi ya mwaka mmoja kwenye kona ya hanga, kwa sababu ilinunuliwa kwanza na kibali kikatafutwa baadaye. Tangu siku hiyo, kila anayeniomba ushauri namwambia neno lile lile: karatasi zitangulie injini, na amana isilipwe kabla majibu ya sehemu tatu za kwanza za mwongozo huu hayajapatikana kwa maandishi.

Herufi za usajili ndizo zinazoamua

Simama nyuma ya ndege usome herufi zake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema katika kifungu cha 17 kwamba ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, na katika kifungu cha 18 kwamba haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa herufi zinaanza na 5Y, mwenye kauli ya mwisho ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, hata kama kibali cha muundo wa injini kilitolewa Marekani au Ulaya. Ikiwa zinaanza na 5H, kauli ni ya Tanzania. 5X ni ya Uganda. Na ikiwa ndege ina herufi N, basi hata kama haijaondoka Wilson kwa miaka kumi, mabadiliko yake yanasimamiwa na mamlaka ya Marekani, FAA. Badiliko kubwa kama hili kwenye ndege ya N huandikwa kwenye Fomu 337 na kutiwa saini na fundi mwenye idhini ya ukaguzi ya FAA. Fundi mwenye leseni ya Kenya peke yake, hata awe hodari namna gani, hana mamlaka ya kuirudisha ndege hiyo angani.

Wapo wanaoshauri kwamba ndege ya 5Y ihamishiwe usajili wa nchi nyingine, ibadilishwe injini huko, kisha irudishwe. Mimi sishauri hivyo. Siku itakapoomba kurudi 5Y, KCAA italifungua jalada lile lile na kuuliza maswali yale yale, na wewe utakuwa umelipia usajili mara mbili, ukaguzi mara mbili, na huenda upakaji rangi wa herufi mara mbili. Kuhama kunafaa tu ikiwa ndege itaishi na kufanya kazi katika nchi inakohamia.

Baada ya herufi, uliza ndege inatumia cheti gani cha kufaa kuruka. Hapa ndipo safari za nje ya nchi zinapoamuliwa, na wengi hawalitambui jambo hili hadi wanapokuwa wameshachelewa. Chini ya kifungu cha 33 cha mkataba huo huo, cheti kilichotolewa na nchi ya usajili kwa viwango vya kimataifa hutambuliwa na nchi nyingine wanachama, na ndiyo sababu Cessna ya kawaida hutoka Wilson kwenda Kilimanjaro au Entebbe bila mtu kuhoji muundo wake. Lakini vifungu vya 39 na 40 vinasema kwamba ndege ambayo haikufikia kiwango cha kimataifa lazima kasoro hiyo iandikwe kwenye cheti chake, na kwamba ndege yenye cheti kilichoandikwa hivyo haiingii nchi nyingine isipokuwa kwa ruhusa ya nchi hiyo. Ndege zilizojengwa kwa vifaa vya kujiundia, na zile zinazoruka kwa kibali maalumu badala ya cheti kamili, nazo huhitaji ruhusa ya kila nchi zinayoingia. Kwa hiyo, ukichagua njia ya mkato inayoiondoa ndege yako kwenye cheti kamili na kuiweka kwenye kibali maalumu, unaweza kuendelea kuruka hadi Nanyuki na Lamu, lakini Arusha inakuwa safari ya kuombewa barua.

Njia ya kibali

Kila modeli ya ndege ina cheti cha aina, na cheti hicho kina karatasi ya data inayotaja injini na propela zinazoruhusiwa, moja baada ya nyingine. Cessna 172 inafuata karatasi ya Marekani yenye namba 3A12, na mwenye ndege anapaswa kuisoma kwa makini kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu jina la 172 linabeba ndege za namna nyingi. Zile za kuanzia mwaka 1956 zilikuwa na Continental O-300 ya nguvufarasi 145. Modeli ya mwaka 1968 ikaja na Lycoming O-320-E2D ya nguvufarasi 150. 172N ya mwaka 1977 ikawekewa O-320-H2AD ya nguvufarasi 160. Na 172P ya mwaka 1981 ikawekewa O-320-D2J, ambayo pia ni ya 160. Injini hizi mbili za mwisho zina jina moja la ukoo na nguvu sawa, lakini haziingiliani: kuifunga D2J kwenye 172N ni badiliko linalohitaji kibali kama badiliko jingine lolote. Neno «inafanana» halina nafasi katika kazi hii.

Ikiwa injini unayoitaka haimo kwenye karatasi ya data ya modeli yako na namba yako ya utengenezaji, njia bora ni cheti cha nyongeza cha aina, ambacho mafundi wa Wilson hukiita STC. Cheti hicho humaanisha kwamba mtu fulani amekwisha kufanya hesabu, michoro na majaribio ya kuifunga injini hiyo kwenye ndege hiyo, na mamlaka fulani imeridhika. Vipo vya Lycoming O-360 ya nguvufarasi 180 kwa 172, na vipo vya dizeli ya Ujerumani iliyoanza kwa jina la Thielert, iliyojengwa juu ya msingi wa injini ya gari la Mercedes-Benz.

Soma cheti chenyewe, usiridhike na karatasi ya matangazo. Orodha ya modeli na namba za utengenezaji zinazohusika iwe na ndege yako. Propela iliyotajwa ndiyo utakayofunga, kwa sababu injini na propela huthibitishwa kama jozi. Mitetemo ya jozi isiyopimwa inaweza kuvunja ncha ya propela ya chuma bila ishara yoyote ya awali. Kwenye vyeti vya Marekani utakuta pia sentensi inayosema kwamba anayefunga ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba badiliko hili linapatana na mabadiliko mengine yaliyokwisha kufanywa kwenye ndege. Sentensi hiyo ni fupi, lakini imewatoa watu jasho. Ndege nyingi za Wilson zina matangi makubwa ya safari ndefu, mabawa yaliyoongezwa kingo za kurukia njia fupi, au magurudumu makubwa ya nyikani, na kila kimojawapo kilikuja na cheti chake. Mwenye cheti cha injini hakuijaribu ndege yenye mchanganyiko huo. Injinia wako ndiye atakayeandika kwa nini mchanganyiko huo ni salama, na asipoweza kuandika, huna kibali.

Chunguza pia kama mwenye cheti yuko hai kibiashara. Thielert ilifilisika mwaka 2008, na wamiliki wa injini zake wakajikuta wakilipia wenyewe vipuri walivyodhani vimo ndani ya dhamana. Ni mwaka 2013 ndipo kampuni ya Kichina ya AVIC ilipoinunua na kuiunganisha na Continental. Ndege inayotegemea kipuri kinachotoka kiwanda kimoja tu duniani inategemea pia afya ya kiwanda hicho. Omba barua ya mwenye cheti inayokuruhusu kukitumia kwenye ndege yako, ikitaja namba yake ya utengenezaji.

Kwa wanaofikiria Rotax, upo mtego mmoja wa jina. Rotax 912 S na Rotax 912 ULS zote zina nguvufarasi 100 na kwa macho ni pacha, lakini ya kwanza imethibitishwa na ya pili haikuthibitishwa. Ndege yenye cheti kamili haiwezi kupewa ya pili ikabaki na cheti chake. Bei ya chini ya injini ya pili inatokana na karatasi isizokuwa nazo, na karatasi hizo haziwezi kununuliwa baadaye.

Kama hakuna cheti cha nyongeza kinachokufaa, inabaki njia ya kuandaa muundo mpya na kuuombea kibali. Njia hiyo inahitaji wasanifu walioidhinishwa, hesabu za nguvu za kiunzi, yaani mwili wa ndege bila injini, na majaribio ya angani, na gharama yake kwa ndege moja haileti maana. Tafuta ndege nyingine.

Jalada la kupeleka kwa Mamlaka

Omba kuonana na mkaguzi wa KCAA kabla ya kuandika ombi rasmi, na nenda na injinia wa kampuni ya matengenezo itakayofanya kazi hiyo. Swali la kuuliza ni moja: je, Mamlaka itakikubali cheti hiki cha nyongeza kutoka nchi hii kwa ndege hii, na itataka kuona nini? Cheti cha FAA au cha EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, hakiwi cha Kenya chenyewe. Mamlaka hukikubali kwa uamuzi wake. Uliza vilevile kama kampuni yako ya matengenezo inayo injini hiyo kwenye orodha ya kazi ilizoruhusiwa, na kama leseni ya injinia atakayetia saini inaigusa injini hiyo. Kampuni iliyozoea Lycoming kwa miaka 30 haipati ruhusa ya dizeli kwa uzoefu wake tu, na mafunzo ya injinia nje ya nchi huweza kuchukua miezi ambayo hukuipangia.

Jalada lenyewe liwe na cheti na marekebisho yake yote, orodha kuu ya michoro, kitabu cha ufungaji, nyongeza ya kitabu cha urubani, maagizo ya matengenezo ya kudumu, makadirio ya uzito, hesabu ya mzigo wa umeme, na ile karatasi ya injinia kuhusu mabadiliko mengine. Hakikisha kila waraka una toleo linalolingana na toleo lililotajwa kwenye cheti.

Ndani ya jalada hilo weka pia ukurasa unaoonyesha maagizo ya lazima ya usalama yatatoka wapi. Ndege ya 5Y yenye kiunzi cha Marekani, injini ya Ujerumani na propela ya Ujerumani itafuata maagizo ya FAA kwa kiunzi na ya EASA kwa injini na propela, pamoja na chochote ambacho KCAA itaongeza. Kabla ya badiliko, fundi alikuwa akiangalia mahali pamoja. Usipoweka utaratibu huo mwanzoni, agizo la injini litatolewa Ulaya na kupita bila mtu yeyote Nairobi kuliona.

Kununua na kusafirisha

Injini na kila kipuri chenye uzito wa kiusalama viambatane na hati ya kuruhusu kutumika: Fomu 1 ya EASA au Fomu 8130-3 ya FAA, kutegemea inakotoka. Ankara ya muuzaji si mbadala wa hati hiyo. Kama injini imetumika, dai daftari lake lote tangu siku ya kwanza, pamoja na orodha ya maagizo yaliyotekelezwa. Daftari lenye pengo la miaka miwili ni daftari la injini isiyojulikana.

Kwenye forodha kuna jambo linalowashangaza hata mawakala wazoefu. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa, injini za ndege zenye plagi za cheche zina namba yao, 8407.10. Injini za dizeli ziko kwenye kichwa cha 8408, ambacho kina vifungu vya meli na vya magari lakini hakina kifungu cha ndege, hivyo dizeli ya ndege huangukia kwenye «nyinginezo», 8408.90. Nafuu yoyote ya ushuru inayofikiriwa kwa injini za ndege inapaswa kuthibitishwa mapema na Mamlaka ya Mapato ya Kenya kwa namba sahihi, mzigo ukiwa bado haujapakiwa. Injini iliyokwisha kuwashwa ina mabaki ya mafuta ndani yake, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Imwagwe mafuta yote na hati za usafirishaji ziseme hivyo. Ikija kwa meli kupitia Mombasa, ifungwe kwa mfuko usiopitisha unyevu, maana wiki chache za joto la pwani zinatosha kuanzisha kutu kwenye silinda.

Kama umenunua kwa kubadilishana, kumbuka kwamba muuzaji anaisubiri injini yako ya zamani, nayo inahitaji hati zake za kutoka nchini.

Ndani ya hanga

Pima uzito wa ndege kabla ya kugusa kitu. Uzito ulioandikwa kwenye vitabu mara nyingi ni wa hesabu za miaka mingi zilizojumlishwa moja juu ya nyingine, na ukianza na namba ya uongo utamaliza na ya uongo.

Chukua mfano, ambao tarakimu zake nimezichagua kwa ajili ya kufundishia. Ndege tupu ina kilo 680, na kitovu cha uzito kiko mita 1.00 nyuma ya ukuta wa moto, yaani ule unaoitenga injini na chumba cha rubani. Unaondoa injini, propela na viambata vyenye jumla ya kilo 135, vilivyokuwa mita 0.50 mbele ya ukuta huo, na unaweka mfumo mpya wa kilo 170 mahali pale pale. Uzito mpya ni kilo 715. Mkazo, yaani uzito mara umbali wake kutoka ukuta wa moto, awali ulikuwa 680. Ukiondoa injini ya zamani unaongeza 67.5, na ukiweka mpya unapunguza 85, hivyo unabaki na 662.5. Gawanya kwa 715 na utapata mita 0.927: kitovu kimesogea mbele zaidi ya sentimita 7. Rubani atahisi usukani mzito wakati wa kutua, na gurudumu la pua litabeba mzigo lisioujua. Sasa hamisha betri ya kilo 12 kutoka kwenye ukuta wa moto hadi mita 3.00 nyuma; mkazo unaongezeka kwa 36, na kitovu kinarudi hadi mita 0.977. Hii ndiyo sababu michoro mingi ya kubadilisha injini huihamisha betri, na ndiyo sababu fundi asiiache mbele kwa kuwa nyaya ni fupi.

Jambo ambalo betri haiwezi kulirudisha ni zile kilo 35. Uzito wa juu wa kupaa haupandi kwa sababu nguvu zimepanda, isipokuwa cheti chenyewe kiseme hivyo, kwa maana mabawa, mguu wa kutua na viungo ni vile vile. Hali kadhalika kasi isiyopaswa kupitwa haiongezeki. Na Jet A-1 ni nzito kuliko avgas: lita moja ni kama kilo 0.80 dhidi ya 0.72, kwa hiyo lita 150 zinaongeza kilo 12 nyingine, ingawa dizeli hunywa kidogo kwa saa. Mwenye ndege aliyezoea kubeba watu wanne kutoka Wilson apige hesabu hii kabla ya kuamua, kwa sababu huenda akabaki na injini bora na viti vitatu.

Mafuta yafikie injini kwa wingi unaotakiwa, nayo yapimwe kwa ndoo na saa, si kwa kudhani. Kipimo kilichozoeleka, kilichokuwamo hadi mwaka 2017 katika kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, ni kwamba mfumo unaotegemea mteremko kutoka mabawani utoe asilimia 150 ya mafuta yanayotumika kwa nguvu kamili, na mfumo wa pampu asilimia 125. Injini inayokunywa lita 60 kwa saa wakati wa kupaa inahitaji kupewa uwezo wa lita 90 kwa mteremko. Pima pua ikiwa imeinuliwa kwa pembe ya kupanda, kwa kuwa hapo ndipo kimo cha tangi juu ya injini hupungua.

Ikiwa unahama kutoka petroli kwenda Jet A-1, badilisha midomo ya matangi na maandishi yake kama michoro inavyosema, kisha fanya jambo moja ambalo halimo kwenye mchoro wowote: zungumza na wahudumu wa mafuta. Pale Wilson magari ya mafuta ya aina zote mbili hufanya kazi kwenye uwanja mmoja, na mhudumu aliyekaa pale miaka mingi akiiona 172 anajua kwa mazoea kwamba ni ya avgas. Mazoea yake yalikuwa sahihi hadi siku uliyobadilisha injini. Mwenye ndege au rubani asimame karibu na tangi kila ndege inapojazwa, popote pale, na asome risiti kabla ya kutia saini.

Kwenye dizeli hizi, umeme ni uhai. Kompyuta ndiyo inayopima mafuta, na ikikosa umeme injini inazima. Mwaka 2007, huko Speyer nchini Ujerumani, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za Thielert ilipoteza zote mbili mara tu rubani alipokunja magurudumu baada ya kupaa. Betri ilikuwa imekwisha, injini ziliwashwa kwa umeme wa nje, na mota za magurudumu zikavuta umeme mdogo uliokuwapo. Kwa hiyo betri ya akiba iliyo kwenye mchoro ifungwe jinsi ilivyochorwa, ijaribiwe, iwekewe tarehe ya kubadilishwa, na rubani afundishwe kwamba ndege yenye betri iliyokufa haipai kwa kuwashwa na betri ya jirani.

Mwisho wa kazi ya hanga, andika kwenye daftari umri wa kila sehemu. Lycoming hufunguliwa na kukarabatiwa baada ya saa 2,000 hivi. Dizeli hizi hubadilishwa nzima muda wake ukifika, na giaboksi yake ina muda wake tofauti. Maana yake ni kwamba sanduku jingine litavuka bahari tena, na fedha zake zianze kuwekwa tangu saa ya kwanza.

Majaribio

Safari ya kwanza inahitaji kibali cha majaribio kutoka KCAA, bima iliyoarifiwa kwa maandishi, na rubani aliyeisoma nyongeza ya kitabu. Asipande mtu asiyehitajika. Kama upepo unaruhusu, paa kwa njia ya kurukia namba 14, inayoelekeza pua kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, badala ya kuelekea makazi ya watu.

Ruka asubuhi kulipopoa kwa ajili ya usalama, kisha rudi siku nyingine mchana wa joto kwa ajili ya ukweli, kwa sababu injini isiyopozwa vizuri huficha kasoro yake asubuhi. Panda kwa nguvu kamili na andika joto la kila silinda kila dakika. Kwa Lycoming O-320 kikomo cha juu ni nyuzi 260, na anayekikaribia akiwa bado juu ya Lang'ata ana tatizo la kifuniko cha injini au mikeka yake ya kuzuia hewa, si tatizo la rubani. Kwa injini inayopozwa kwa maji, angalia redieta na giaboksi. Linganisha umbali wa kupaa na kasi ya kupanda na majedwali ya nyongeza. Tofauti kubwa ielezwe kabla ndege haijarudishiwa abiria.

Kuvuka mpaka

Baada ya cheti cha kufaa kuruka kurekebishwa au kuthibitishwa, kusanya nyaraka zinazotakiwa na kifungu cha 29 cha mkataba wa Chicago: cheti cha usajili, cheti cha kufaa kuruka, leseni za wahudumu, daftari la safari, leseni ya redio, na orodha ya abiria au mizigo. Ongeza nyongeza ya kitabu cha urubani, ripoti mpya ya uzito na nakala ya barua ya KCAA ya kukubali cheti cha nyongeza. Mkaguzi wa uwanja wa ugenini akifungua kifuniko na kukuta injini asiyoitarajia kwenye 172, barua hiyo ndiyo itakayofupisha mazungumzo.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, kibali cha Nairobi kinakuwa cha jumuiya nzima. CASSOA huoanisha kanuni, lakini vyeti hutolewa na mamlaka ya kila nchi. Ndege yenye cheti kamili inapita kwa nguvu ya kifungu cha 33; ndege yenye kibali maalumu iandikie mamlaka ya Tanzania au ya Uganda, isubiri jibu la maandishi, na isiondoke Wilson kwa ahadi ya simu. Ikiwa njia inapita juu ya nchi ya tatu, nayo iandikiwe.

Panga pia siku ambayo injini itagoma ugenini. Fundi wa Mwanza anaweza kuwa stadi kukuzidi, lakini ndege ya 5Y inahitaji saini inayotambuliwa na KCAA, na kwa injini isiyo ya kawaida watu wenye saini hiyo ni wachache. Kubaliana mapema na kampuni yako ni nani atakayesafiri, kwa gharama ya nani, na vipuri vitavukaje Namanga. Kwa safari ya kwanza ya nje, chagua uwanja unaouza mafuta yako, ulio na ndege ya abiria ya kumleta fundi siku hiyo hiyo, na ubebe ndani ya ndege mikanda, vichujio na plagi au vichomeo vya akiba, kila kimoja kikiwa na hati yake.